Bega la Vero

Mmeniuliza kwa zamu. Happy aliniuliza sokoni, Gift akaniuliza kwenye simu, na Prisca, mnavyomjua, akauliza mbele ya watu: "Eti Doro, ni kweli ulisafiri kutoka Zambia mpaka Kibosho kuja kumsimamia mtoto wa watu?" Nikacheka, nikajifanya nawahi maziwa, nikaondoka. Mnanijua. Wakishafika watu watatu, maneno yangu yote yanarudi tumboni. Kwa hiyo nimekaa jikoni kwa mama, nimeandika. Someni, pokezaneni, halafu msiniulize tena.

Kwa ambaye hajui: nilikuwa Lusaka karibu miaka miwili, tangu tumalize kidato cha nne. Nilikuwa nauza viatu dukani kwa baba mdogo. Mdogo wangu Vero alikuwa anapata kipaimara mwaka huu, na alinichagua mimi niwe msimamizi wake. Yaani askofu anapompaka mafuta, mimi niwe nimesimama nyuma yake, mkono wangu wa kulia begani kwake. Mama alitaka Mama Yustina, jirani yetu, mwenyekiti wa jumuiya, mtu mzima anayeaminika. Vero akakataa. Mama aliniambia kwenye simu, "Mdogo wako amesema Doro au basi." Nikasema nitakuja. Sikuwahi kuahidi mtu kitu kwa sauti kubwa namna ile.

Lusaka, mlangoni mwa duka

Kipaimara kilikuwa Jumapili. Nilitakiwa kuondoka Jumatano asubuhi. Jumanne jioni mzigo ukaingia.

"Doro mwanangu," baba mdogo akasema, "ukiondoka kesho nani atapanga haya maboksi? Ondoka Alhamisi. Mabasi yapo kila siku."

Baba mdogo si mtu mbaya, naomba mwelewe hilo mapema. Anakula tunachokula, na analala akiwa amechoka kuliko mimi. Lakini duka lake halina siku. Tunafungua watu hawajanywa chai, tunafunga watu wameshakula usiku. Jumapili ndiyo kabisa, kwa sababu wateja wanatoka kanisani wana nafasi ya kujaribu viatu. Mimi kanisa nililisikia tu, kwaya zikipita barabarani kwenye magari ya wazi. Nikawa hodari. Mtu akiingia tu namwangalia miguu, namletea namba yake kabla hajaitaja. Baba mdogo alikuwa ananisifia kwa wenzake.

Mlangoni petu alikuwa anakaa Chanda, msichana wa rika langu, anauza vocha na juisi za barafu. Kila Jumamosi alikuwa ananiambia, "Kesho njoo nyumbani, mama anapika." Nami namjibu, "Wiki ijayo." Mwanzoni alikuwa anauliza kwa dhati. Baadaye akawa anauliza huku anacheka, kama mtu anayemuuliza kasuku. Kusema kweli kazi ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu yote. Nilikuwa naogopa kufika kwao nisijue pa kukaa, nisijue kuongea lugha yao, waniangalie nikila. Kazi ilinifaa. Ukisema "niko kazini" hakuna anayekuuliza zaidi.

Alhamisi mchana Chanda alinisindikiza stendi, amebeba karanga za kuchemsha kwenye mfuko. Basi likiwa linaunguruma nikamuuliza, "Hivi wewe unaishi wapi?"

Akaniangalia. "Leo ndiyo unauliza?"

Akacheka, mimi nikashindwa kucheka. Nilikula karanga zile mpaka giza likaingia. Kwenye begi nilikuwa na kitu kimoja cha maana: viatu vyeupe vya mkanda, vina ua dogo pembeni, namba thelathini na tano. Vya Vero. Nilivichagua mwenyewe kwenye ule mzigo mpya.

Tunduma, na mama aliyeniokoa

Habari za kugonga mihuri mpakani nawaachia wengine. Niseme tu kwamba nilipovuka na kusikia mtu anamwambia mwenzake "acha ujinga wewe," nilitaka kumkumbatia.

Nilikula wali maharage kwenye kibanda, peke yangu, nikapanda basi la kuja Moshi. Kiti cha pembeni yangu akakaa mama mmoja mnene, mchangamfu, ana ndoo tatu za dagaa anazopeleka Same. Anaitwa Mama Ziada. Kabla hatujafika Mbeya alikuwa ameshaniambia habari za watoto wake wote. Kisha ikawa zamu yangu, na mnajua zamu yangu inavyokuwaga.

"Unatoka wapi mwanangu?"

"Lusaka."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Walikuwa wanakupa chakula?"

"Ndiyo."

"Siku ya kupumzika je?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Marafiki ulikuwa nao?"

"Mmoja. Lakini kwao sijawahi kufika."

"Na hao watu ni nani wako?"

"Baba mdogo."

Akapiga kofi pajani. "Ndivyo wanavyosemaga wote! Baba mdogo!" Akageuka kwa abiria wa nyuma. "Jamani, huyu mtoto katoroka kwa waliokuwa wanamtumikisha. Mwangalieni, hata kuongea hawezi."

Nilitaka kusema sijatoroka, nalipwa, ni baba mdogo kweli, tumbo moja na baba yangu. Lakini basi zima lilikuwa limeshageuka kuniangalia, na mimi nikiangaliwa nainamisha kichwa, na kichwa kikiinama ndiyo ushahidi umekamilika. Tulipofika Makambako nilikuwa na chapati mbili, mayai ya kuchemsha, embe, na soda ambayo konda mwenyewe aliniletea bila kuniangalia usoni. Kaka mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Pole sana sista. Hapa uko nyumbani."

Nikasema asante. Nilikula vyote. Kilichonisumbua njia nzima mpaka Iringa si kwamba Mama Ziada alikosea. Ni kwamba maswali yake yote nilikuwa nimeyajibu ukweli.

Hedaru, tulipokwama

Tulitakiwa kufika Moshi Jumamosi. Ningelala, ningeoga, ningemsuka Vero. Kwanza tulikaa muda mrefu kwenye foleni ya malori kabla ya Morogoro. Halafu, tumeshapita Mombo, nafsi imeanza kutulia, ikasikika kama sufuria inaburutwa chini ya sakafu, na basi likaegemea upande mmoja. Springi imekatika. Tukajikokota mpaka Hedaru, tukasimama.

Konda akasema fundi anakuja. Fundi akaja, akaingia chini, akatoka, akanawa mikono. Nyie mnajua maana yake fundi akinawa mikono.

Nikaanza kulia, kimyakimya, lakini Mama Ziada alikuwa hapitwi na kitu. "Sasa unalia nini? Uliowakimbia hawawezi kukufuata huku."

Ndipo nikamwambia. Sijui nilipata wapi pumzi. Nikamwambia habari za Vero, bega, askofu, "Doro au basi," yote kwa mkupuo mmoja. Alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akashuka akamkamata konda koti.

"Wewe! Huyu mtoto ana askofu kesho asubuhi!"

"Mama, hata mimi nina mke nyumbani."

"Mke wako atakusubiri, askofu hasubiri! Piga simu, lije basi jingine!"

Akapiga. Basi jingine lilikuja alfajiri, limejaa, na Mama Ziada akanisukuma mimi kwanza, ndoo zake baadaye. Aliposhuka Same alinishika shavu, mkono unanuka dagaa. "Wahi. Na huyo unayemwita baba mdogo usirudi kwake." Mpaka leo hajui kuwa ni baba mdogo kweli. Siku ile nilitamani angekuja na mimi mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kwanza kwa muda mrefu kugombana na mtu kwa ajili yangu.

Moshi mpaka mwisho wa lami

Moshi watu walikuwa wameshavaa vya Jumapili. Simu yangu ilikuwa na laini ya Zambia tu, haishiki, na kuazima ya mtu nisiyemjua sikuthubutu. Sikuweza kumwambia mama niko wapi, na nilijua anavyofikiri mama: mtu asipopiga simu, haji.

Nikamwendea bodaboda. "Kibosho, kwenye kipaimara. Haraka."

"Askofu mbona kashapita," akasema, "na msafara wake. Panda, dada. Shika vizuri, huko juu imenyesha."

Aliendesha vizuri mpaka lami ilipoisha. Baada ya hapo udongo mwekundu ulikuwa umekuwa kama sabuni. Tukateleza mara ya kwanza, tukacheka. Mara ya pili hakucheka mtu. Akasimamisha pikipiki. "Dada, kanisa lile pale juu, ukikata kwa mashambani utawahi kuliko mimi. Mimi nina roho moja tu."

Kwa miguu

Nikavua viatu vyangu nikashika mkononi, begi mgongoni, nikapanda kwa njia ya mfereji, ile tuliyokuwa tunapita tukichelewa shule. Kwenye kona ya kwa Mzee Boniventura nikakutana na bibi mmoja amejitwisha majani ya ng'ombe. Mwili wangu ukafanya wenyewe walichonizoesha Lusaka: nikachuchumaa kidogo, nikapiga makofi taratibu, ndivyo wanavyomsalimia mtu mzima kule.

Bibi akasimama na mzigo wake. "Mbona unanipigia makofi? Mimi nimeimba?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

Nikamtajia babu yangu. Akaniangalia miguu yenye tope, akaniangalia uso, akatafuta kitu, nadhani hakukipata. "Huko uliko wamekubadilisha. Kimbia, wimbo wa kuingia umeshaimbwa zamani."

Nikakimbia. Migomba ilikuwa inadondosha maji shingoni. Nikaanza kusikia kwaya, kwanza sauti ya chini tu, halafu maneno. Nilikuwa naomba kitu kimoja: mahubiri yawe marefu.

Mstari

Mahubiri yalikuwa yamekwisha. Nilipofika mlangoni watoto walikuwa wamesimama mistari miwili katikati ya kanisa, wavulana kushoto, wasichana kulia, wasichana wote gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani, na nyuma ya kila mmoja mtu mzima. Askofu alikuwa ameshaanza kutembea kutoka mbele. Nilikuwa bado peku, viatu vyangu mkono wa kushoto.

Katekista alikuwa anahangaika pembeni na kadi zake. Aliponiona akanong'ona kwa ukali, "Wewe ni msimamizi?"

"Ndiyo."

"Ingia kwenye mstari! Mnachelewa mpaka lini?"

Nikaangalia mstari wa wasichana. Kila bega lilikuwa na mkono, isipokuwa moja. Msichana mdogo, shingo nyembamba, amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Hakuna mtu nyuma yake. Moyo wangu ukajaa. Ananisubiri. Wamemwambia achukue mwingine, amekataa, Doro au basi. Nikapita katikati ya watu, mimi nisiyeweza kupita mbele ya darasa, nikafika, nikaweka mkono begani.

Akageuka. Hakuwa Vero.

Uso wa mtoto ambaye sijawahi kumwona, macho mekundu, pua inachuruzika. Nikataka kuondoa mkono. Akaushika kwa vidole vyake, juu ya bega pale pale.

"Dada, baki," akasema. "Wangu hajaja."

Nikainua macho. Mbele yetu, watu watatu tu mbele, kulikuwa na msichana mrefu, mrefu kunizidi, na mkono mnene begani kwake, mkono wenye pete ninayoijua tangu utoto. Mkono wa Mama Yustina. Msichana yule mrefu aligeuza kichwa nusu, akaniona, akaona na mkono wangu ulipo. Kisha askofu akafika mbele yake, ikabidi ageukie mbele.

Ndivyo nilivyomwona mdogo wangu akipakwa mafuta. Kwa nyuma, na begani kwake mkono wa mtu mwingine.

Askofu alipofika kwetu katekista akasoma kwenye kadi, "Imelda." Ndipo nami nikajua nimemsimamia nani. Mtoto alikuwa anatetemeka, nikambana bega ili asitetemeke. Sikujua kingine cha kufanya. Chini alikuwa amevaa viatu vyeusi vya shule, soli imeachama. Macho yangu yakasoma yenyewe: thelathini na tano.

Nyumbani

Nje ya kanisa mama ndiye aliyenishika mkono na kunipeleka. "Vero huyu hapa," akasema, kama mtu anayemtambulisha mgeni. Alisema bila ubaya, lakini nililisikia.

Mnakumbuka mama ana simu ya batani, haitumi picha, na Vero yuko bweni. Nilikuwa nasikia sauti yake mara chache, ile ile ya kukwaruza. Kichwani mwangu alibaki pale nilipomwacha, ananifika kwapani.

Nyumbani kulikuwa na ndizi za machalari, kiburu cha ndizi na maharage, nyama, pombe ya mbege ya wazee, na muziki wa kukodi. Watu walinisalimia vizuri, wakaniuliza Zambia kuna nini, nikajibu, wakaendelea na waliyokuwa wanaongea. Ugomvi wa mpaka wa shamba, harusi ya nani, nani kajifungua. Mengine sikuyajua hata yalipoanzia. Mama Yustina alikaa meza kuu karibu na Vero. Aliponiona nimesimama na sahani akaniita, "Doro, njoo ukae, hapa ni pako." Nikasema niko sawa, nasaidia jikoni. Mnaona? Hata nyumbani nilitafuta kazi.

Vero alinifuata jikoni jioni, kitambaa ameshakivua. Tukakaa kwenye vigoda. Nikampa viatu. Akaingiza vidole vya mguu, vikagoma katikati. Akajaribu tena kwa adabu. Vikagoma.

"Wewe si unauza viatu huko?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Jumapili?"

"Na Jumapili."

Akavirudisha kwenye boksi, akakunja ile karatasi yake vizuri. "Mimi navaa thelathini na nane."

Moshi ukatusumbua wote wawili, au tulisingizia moshi. Mwishowe akasema, "Nilikataa mpaka askofu ameinuka kwenye kiti. Mama akasema huji. Katekista akasema nitatolewa. Ndipo nikamkubali Mama Yustina. Halafu nikakuona umeingia, nikasema moyoni, sasa atakuja amtoe. Ukaja moja kwa moja. Ukasimama kwa yule."

"Nilidhani ni wewe."

"Najua," akasema. "Hiyo ndiyo inauma. Ungekuwa hujafika ningeelewa."

Nikasukuma kuni motoni.

Njia ya kwa Imelda

Kesho yake baba mdogo alipiga kupitia simu ya mama. "Unarudi lini? Duka limenielemea." Nikamwambia nitarudi kahawa ikishavunwa, lakini Jumapili sifungui. "Haya, tutaongea," akasema. Sijui tutaongea nini, lakini nilishasema. Kisha nikamwomba aende mlangoni amuulize Chanda anaishi mtaa gani.

Nilipokata simu, Vero alikuwa amesimama na lile boksi.

"Tumpelekee mwanao," akasema. Bado kulikuwa na mwiba kwenye "mwanao," ila mdogo.

Imelda anaishi upande wa chini na bibi yake. Shangazi yake wa Dar ndiye aliyekuwa aje, na hakuja. Njia ya kwao ni nyembamba, kahawa upande huu na huu, haipiti watu wawili sambamba. Vero akatangulia. Nikabaki nyuma, kama nilivyotakiwa kubaki jana.

Anatembea haraka siku hizi, anainama kwenye majani ya migomba bila kuyagusa, mimi ninayagonga na kichwa.

"Mbona umenyamaza?" akauliza bila kugeuka. "Unaangalia nini?"

"Mgongo wako."

Akapunguza mwendo kidogo, akahamisha boksi mkono mwingine. "Haya. Angalia vizuri."

Nikaangalia. Bega lake la kulia liko chini kidogo kuliko la kushoto.